WiFi inapokuwa nzito nyumbani Arusha na Moshi: kifaa kipi ununue kwanza

Mtu anayeishi Njiro, Moshono, Ngaramtoni au Usa River, anayepata intaneti kwa laini ya simu iliyowekwa ndani ya ruta yake mwenyewe, hufika siku akachoka kusubiri video ifunguke, akapanda daladala kwenda mjini kununua ruta nyingine. Mara nyingi hurudi na kifaa kizuri kisichotibu ugonjwa alio nao. Mwongozo huu unavipanga vifaa hivyo kwa kufuata manufaa yake kwa familia ya kawaida, lakini mpangilio wenyewe una sharti: kabla ya kutoa fedha, pima. Safari ya intaneti ya laini ina vipande viwili, kimoja kutoka mnarani hadi kwenye ruta, kingine kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu au kompyuta yako, na dawa ya kipande kimoja haiponyi kingine.

Kupima ni kazi ya siku moja tu. Unganisha kompyuta na ruta kwa kebo ya mtandao, pima kasi, kisha nenda na simu katika chumba unachokilalamikia upime tena. Ikiwa kwa kebo unapata megabiti 25 kwa sekunde na chumbani unapata 3, mnara hauna kosa. Tatizo liko kwenye WiFi ya ndani. Ikiwa hata kwa kebo unapata 3, achana na WiFi kwanza, tazama mawimbi yanayoingia. Rudia vipimo saa kumi na moja alfajiri na saa mbili usiku. Alfajiri pakiwa na kasi nzuri na usiku pakawa na kwikwi, mnara wa mtaa wenu umeelemewa, na hakuna ruta ya bei yoyote itakayoupunguzia watumiaji. Hapo azima laini ya mtandao mwingine kwa jirani au ndugu, uiweke ndani ya ruta yako kwa jioni moja. Soma pia masharti ya kifurushi, kwa kuwa vifurushi vingi vinavyouzwa kama visivyo na kikomo hupunguza kasi baada ya kiasi fulani cha data, na nimewaona watu wakibadilisha ruta kwa sababu ya sentensi moja ambayo hawakuisoma.

Namba nyingine mbili zinapatikana ndani ya ruta yenyewe. Ruta nyingi za laini zina ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kwa anwani kama 192.168.8.1, 192.168.1.1 au 192.168.0.1, anwani ya ruta yako utaikuta kwenye kibandiko chini yake. RSRP ni nguvu ya mawimbi: -80 ni nzuri sana, -100 inavumilika, na ikiwa dhaifu kuliko -110 ruta inahangaika. SINR ni usafi wa mawimbi hayo ukilinganishwa na kelele: zaidi ya 20 ni safi kabisa, na chini ya 0 ni taabu, hata kama vijiti vya mtandao vimejaa. Namba hii ya pili ndiyo inayopuuzwa, na ndiyo inayoeleza kwa nini nyumba yenye vijiti vinne inaweza kuwa na intaneti mbovu kuliko ya jirani yenye viwili.

Nyumbani kwangu Njiro ruta ilikaa miaka miwili kwenye kabati la televisheni, kati ya ukuta wa tofali za saruji na dirisha lenye nondo nene. Siku niliyoamua kupima niliibeba pamoja na ekstensheni ya umeme, nikaizungusha chumba kwa chumba, nikisubiri dakika mbili kila mahali ili namba zitulie, na kuziandika nyuma ya daftari la mtoto. Kabatini RSRP ilikuwa -109 na SINR 2. Juu ya friji ilikuwa -103 na 6. Kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, upande unaotazama mjini, nilisoma -94 na 14, na kasi ikapanda kutoka megabiti 4 hadi 19 kabla sijanunua chochote. Ndiyo maana nasema ruta mpya isubiri hadi ile ya zamani imetembezwa nyumba nzima, na isipandishwe kamwe darini karibu na bati, kwa sababu bati hurudisha mawimbi yalikotoka.

Baada ya hapo, ikiwa bado unahitaji kununua, nafasi ya kwanza naipa ruta ya laini ya daraja la Cat 6 au zaidi (Cat hapa ni daraja la uwezo wa ruta kupokea 4G, si aina ya kebo), yenye bendi mbili za WiFi na matundu ya antena ya nje. Cat 4, inayouzwa kwa wingi, ina ukomo wa megabiti 150 kwa sekunde na hupokea masafa moja tu kwa wakati mmoja. Cat 6 hufika 300 kwa kuunganisha masafa mawili. Hupaswi kutarajia 300 sebuleni kwako. Faida halisi ni kwamba masafa moja yakijaa watu jioni, ruta inachota pia kwenye ya pili, mradi mnara wenu unaruhusu. Huawei B535, ambayo ni Cat 7, na TP-Link Archer MR600, ambayo ni Cat 6, ni mifano ya aina hii, na zote mbili zina WiFi ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ile ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi lakini imejaa ruta za majirani. Ile ya 5 ina kasi kubwa zaidi ila huchoka upesi ikikutana na ukuta. Mwenye nyumba huhitaji zote mbili.

Kuhusu kundi hili nina onyo moja ambalo limewagharimu watu wengi. Soma orodha ya bendi za 4G kwenye boksi au kwenye karatasi ya maelezo, uhakikishe kuna bendi ya 3, ya 20 na ya 28, yaani megahezi 1800, 800 na 700, ambazo mitandao yetu huzitumia. Ruta iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, hata ikiwa ya bei kubwa na imeletwa na ndugu kwa upendo wote, inaweza kukosa bendi hizo na ikabaki pambo. Uliza pia kama imefungwa kwa laini ya kampuni moja, kwa sababu ruta iliyofungwa inakunyima ile nafasi ya kuhama mtandao mnara unapoelemewa. Kuhusu 5G, iliyoanza kuuzwa nchini mwaka 2022, nunua ruta yake ikiwa tu simu yenye 5G inaishika huduma hiyo palepale dirishani ambapo ruta itakaa. Kuishika mjini hakusaidii kitu nyumbani.

Nafasi ya pili ni antena ya paneli ya nje, na kwa wakazi wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro ningeipandisha iwe ya kwanza. Kibosho, kwa wakwe zangu, nyumba imezungukwa na migomba, na wakati wa masika majani yakilowa mawimbi hudhoofika waziwazi. Nilinunua antena yenye kebo nyembamba ya mita kumi, fundi akaifunga juu ya bomba kwenye paa, nami nikashuka nikitarajia makubwa. RSRP ilipanda kwa desibeli mbili tu (desibeli ni kipimo cha kuongezeka au kupungua kwa nguvu ya mawimbi). Kosa lilikuwa kwenye ile kebo: kila desibeli tatu zinazopotea njiani ni nusu ya nguvu, na kebo nyembamba kwenye masafa ya 4G hula faida ya antena karibu yote. Tulibadilisha mpango. Ruta ikahamishiwa stoo, chini ya ile antena, kebo ya antena ikafupishwa kuwa mita mbili, na kutoka stoo hadi sebuleni tukavuta kebo ya mtandao ya mita ishirini. Kebo ya mtandao hufika mita 100 bila kupunguza kasi. Kwa hiyo kanuni ya kununulia ni hii: kebo ya antena iwe fupi na nene, kebo ya mtandao iwe ndefu kadiri unavyotaka, mradi isizidi hizo mita 100.

Chagua paneli yenye kebo mbili, si moja, kwa kuwa ruta ya 4G hupokea kwa njia mbili kwa pamoja, na ukiipa antena moja ya nje unaiacha njia ya pili ikiwa na njaa. Ielekeze polepole, nyuzi chache kwa kila hatua, huku mtu wa pili akikusomea SINR. Mnara ulio karibu zaidi si lazima uwe ndio bora. Radi zikianza, chomoa.

Nafasi ya tatu ni kituo cha pili cha WiFi kilichounganishwa na ruta kwa kebo, nacho ni cha yule ambaye kipimo cha kebo kilikuwa kizuri na kipimo cha chumbani kibaya. Mimi nilikihitaji kwa sababu dirisha la jikoni, lililo bora kwa mnara, liko mbali na vyumba vya kulala. Si lazima kiwe kipya. Ruta yoyote ya zamani inaweza kufanya kazi hiyo ikiwekwa katika hali ya kusambaza WiFi pekee. Hapa ndipo wanaounganisha ruta yao nyingine nyuma ya ruta ya laini hukosea: huziacha zote mbili zikivigawia vifaa anwani za mtandao, jambo linalosumbua michezo ya mtandaoni na kamera za ulinzi, na zote zikirusha WiFi kwenye chaneli ileile, zikipokezana zamu ya kusema. Kwenye gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Ipe kila moja ya kwake. Kama ruta ya pili iko chumba kimoja na ya kwanza, zima WiFi ya ile dhaifu.

Nafasi ya nne ni ruta ya Cat 4 yenye bendi moja ya WiFi, kama TP-Link TL-MR6400 au Huawei B311. Kwa mtu mmoja au wawili katika vyumba viwili, kwenye mtaa wenye mawimbi safi, inatosha kabisa, na sioni sababu ya mpangaji wa aina hiyo kulipa zaidi.

Ya tano ni vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyopokea WiFi na kuirusha tena bila kebo. Vingi hutumia redio moja kwa kupokea na kurusha, hivyo kasi hushuka karibu nusu. Vinafaa pale tu ambapo kebo haiwezi kabisa kupita. MiFi, ile ruta ndogo ya mfukoni yenye betri, naiweka mwisho kwa matumizi ya nyumbani, ingawa kwa msafiri ni rafiki mwema: antena zake ni ndogo, na ukiichomeka mchana kutwa betri huchoka mapema.

Kifaa nisichokipangia nafasi ni kikuza mawimbi cha kurusha upya mtandao wa simu nyumba nzima. Kikifungwa vibaya huuchafua mnara kwa kila mtu mtaani, na vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Ongeza kwenye bajeti UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya kuiwasha umeme ukikatika. Ruta nyingi hizi hutumia volti 12, lakini soma volti na ampea kwenye adapta yako, kisha nunua inayolingana.

Nenda dukani na laini yako iliyosajiliwa kwa alama zako za vidole, omba ruta iwashwe mbele yako, na uone laini ikishika 4G. Dai risiti ya EFD na waranti ya maandishi, na kubalianeni siku za kurudisha. Ukifika nyumbani, iweke mahali palepale palipokupa namba nzuri, andika vipimo vipya kando ya vya zamani, alfajiri na usiku, na ikiwa namba hazijapanda, irudishe ruta kabla siku hizo hazijaisha.