Uchambuzi wa Counter-Strike 2: umeshajificha, lakini risasi inakufuata nyuma ya kona

Habari zenu watazamaji, na karibuni tena. Leo ninaichambua Counter-Strike 2, mchezo wa kompyuta wa kurushiana risasi, kwa upande mmoja tu, ule ambao wengi wenu mmekuwa mkiniuliza: namna mchezo huu unavyoushughulikia ucheleweshaji wa mtandao, na kama namna hiyo inamtendea haki mchezaji anayekaa mbali na seva. Sitagusa rangi za bunduki wala bei za masanduku. Mchezo wenyewe ni wa bure, kampuni ya Valve waliutoa tarehe 27 Septemba 2023 kuchukua nafasi ya CS:GO, toleo lililoutangulia, na sheria zake mnazijua: watano kwa watano, na timu inayotangulia kufikisha raundi 13 ndiyo inayoshinda.

Tazameni kwanza kipande hiki. Niko kwenye ramani ya Dust II, upande wa ulinzi, ninaulinda mlango wa ile njia ndefu ya kwenda A, sehemu ambayo washambuliaji hutega bomu. Adui anatokeza, ninafyatua risasi mbili, ninamkosa, ninarudi nyuma ya kona. Sasa ninairudisha picha na kuipunguza mwendo. Bega langu limeshaingia, bunduki imeshaingia, mbele yangu ninaona ukuta mtupu, na hapo ndipo ninapoanguka, kana kwamba risasi imepinda kona kunifuata. Usiku ule nilikasirika, na mwenzangu mmoja wa timu alisema wazi kwamba yule adui anatumia programu ya udanganyifu. Nimekipitia kipande hiki mara nyingi, na ninaweza kuwaambieni kwamba hakudanganya. Kwenye kioo chake mimi nilikuwa bado nipo nje.

Ili tuelewane, tuifuate safari yenyewe hatua kwa hatua. Tuseme mimi na yeye sote tuna pingi ya 60, yaani taarifa inachukua milisekunde 60 kwenda kwenye seva na kurudi, na wengi wetu tunaiita nzuri. Ninapobonyeza kitufe cha kurudi nyuma, taarifa hiyo inatumia takriban milisekunde 30 kufika kwenye seva, kisha nyingine 30 kufika kwake. Juu ya hizo, mchezo huweka akiba ya tiki moja au mbili (tiki ni kila mara seva inapoihesabu upya hali ya mchezo) ili miondoko ya wachezaji isikatikekatike, na tiki moja kwenye seva hizi ni milisekunde 15.6. Akifyatua, risasi yake inatumia 30 kufika kwenye seva, na habari ya kifo changu inatumia 30 nyingine kunifikia. Jumlisheni: tunapata kati ya milisekunde 136 na 151. Nikiwa na bunduki ya M4A4 mkononi ninakimbia kwa mwendo wa vipimo 225 vya mchezo kwa sekunde, na mwili wa mchezaji una upana wa vipimo 32, kwa hiyo katika milisekunde 142 ninakuwa nimesogea upana mzima wa mwili wangu. Mwili mzima, kwa pingi ambayo hakuna mtu angeilalamikia.

Seva ingeweza kukataa. Ingeweza kusema: wakati risasi inanifikia, mlinzi huyu alikuwa ameshajificha, basi risasi imekosa. Michezo ya zamani ilikuwa hivyo, na aliyekuwa na mtandao wa polepole alilazimika kulenga mbele ya adui, mahali ambapo alikisia kwamba adui atakuwa amefika, badala ya kulenga anapomwona. QuakeWorld ya mwaka 1996 ilipunguza sehemu moja ya tatizo kwa kuifanya kompyuta yako itabiri mwendo wako mwenyewe bila kuisubiri seva, na baadaye Half-Life ikaleta kile ninachokiita fidia ya ucheleweshaji, ambayo mhandisi wa Valve, Yahn Bernier, aliieleza kwa kirefu mwaka 2001. Seva inaweka kumbukumbu fupi ya mahali alipokuwa kila mchezaji. Risasi inapowasili, seva inawarudisha wachezaji nyuma mpaka kwenye ile picha aliyokuwa akiiona mpigaji, inaamua kama amelenga sawasawa, kisha inaendelea mbele. Counter-Strike 2 imejengwa juu ya msingi huohuo.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu mazungumzo mengi ya haki katika michezo hii yanapotea njia hapa. Watu wanauliza kama mchezo fulani umeondoa lagi, yaani huo ucheleweshaji, na hakuna mchezo unaoweza kuiondoa. Zile milisekunde zipo, zimetumika njiani, na lazima mtu mmoja azibebe. Bila fidia anazibeba mpigaji, kwa sababu analenga sawasawa na anakosa. Pakiwa na fidia anazibeba aliyepigwa, kwa sababu anajificha sawasawa na anakufa. Valve wamechagua kumbebesha aliyepigwa, na kwa mchezo ambao thamani yake yote iko katika kulenga, ninaona wamechagua vizuri.

Hata hivyo, uchaguzi huo una tabia moja inayoniumiza kila ninapolinda. Anayechungulia kutoka kona anamwona aliyesimama kabla aliyesimama hajamwona yeye, maana aliyesimama hajasogea na picha yake, hata ikiwa ya zamani, bado ni sahihi. Pingi zikipanda, faida hiyo inaongezeka. Ongezeni na hili: AK-47 ya washambuliaji inaua kwa risasi moja ya kichwa hata ukiwa umevaa kofia ya chuma, na M4 ya walinzi haiui kofia hiyo ikiwepo. Kwa hiyo katika mechi yenye pingi kubwa kwa pande zote mbili, mlinzi anapungukiwa mara mbili, na ule ushauri wa kutulia na kuishikilia kona, ambao tunawapa wanaoanza kucheza, unageuka kuwa ushauri mbaya.

Wenzao wamejaribu njia nyingine. Blizzard, katika Overwatch ya mwaka 2016, nao walimpendelea mpigaji, lakini wakaweka ubaguzi: ukitumia uwezo wako wa kukwepa, kwa mfano mhusika aitwaye Tracer anapojirudisha nyuma kwa wakati, kukwepa kwako kunaheshimiwa hata kama mpigaji aliona amekupata. Uamuzi huo unapendeza, kwa sababu unatambua kwamba kukwepa pia ni ustadi. Ila Counter-Strike haina kitufe cha kukwepa, ina miguu na kona tu, na sioni namna ya kuuhamishia huko. Riot Games, kwa Valorant iliyotoka mwaka 2020, waliamua kupambana na milisekunde zenyewe. Waliweka seva za tiki 128 kwa sekunde, yaani milisekunde 7.8 kwa tiki, wakajenga njia zao za mtandao, na wakatangaza lengo la kuwapa asilimia 70 ya wachezaji pingi isiyozidi 35. Lengo hilo ni zuri kwa anayekaa karibu na seva zao.

Na Counter-Strike 2? Valve walibaki na tiki 64, wakaongeza mfumo wanaouita sabutiki, ambao unaandika wakati kamili ulipobonyeza kitufe, hata kama ulibonyeza katikati ya tiki mbili. Zamani ukifyatua baada tu ya tiki kupita, ulihesabiwa pamoja na aliyefyatua mwishoni kabisa mwa tiki hiyo. Sasa aliyetangulia anajulikana. Siku za mwanzo palikuwa na kasoro ambayo ilitusumbua sana: risasi ilihesabiwa ulipobonyeza, lakini mchoro wa bunduki kufyatuka ulisubiri tiki inayofuata, kwa hiyo jicho na seva vilisema vitu viwili tofauti. Hilo lilirekebishwa. Ninawapa alama nzuri kwa sabutiki, lakini naomba mtu asiwauzieni kuwa ni dawa ya lagi, kwa sababu inachokipanga upya ni sehemu ya milisekunde 15.6, wakati sisi huku tunabeba mamia.

Nasema mamia kwa sababu ya umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo unasafiri karibu kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kutoka hapa Dar es Salaam mpaka Johannesburg, ambako Valve wana seva, ni kama kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo hata kama waya ungenyooshwa kama rula, kwenda na kurudi kungechukua milisekunde 25. Frankfurt, Ujerumani, ni karibu kilomita 7,000, yaani milisekunde 70 kabla ya ruta hata moja kuguswa. Mikongo ya baharini hainyooki kama rula. Inafuata pwani, inapita Bahari ya Shamu, inavuka Misri, na kila kituo kinaongeza chake. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, mtandao ulizorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku hizo sikuingia katika mechi ya ushindani hata moja, kwa sababu wenzangu wanne wangekuwa wanalipa kwa ajili ya mkongo ambao hakuna kati yetu aliyeukata.

Pingi kubwa iliyotulia, lakini, si adui mbaya kuliko wote. Kinachoharibu mechi ni pingi inayoyumba na pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, zinazopotea njiani, maana fidia inategemea seva kujua ulikuwa unaona nini. Nyumbani kwangu nilikuwa na tatizo ambalo kampuni inayonihudumia ilinihakikishia mara tatu kwamba halipo. Kila ikifika saa mbili usiku wachezaji walianza kurukaruka kwenye kioo changu. Niliwasha takwimu za mtandao ambazo mchezo huu umeziweka ndani ya mipangilio, na hapa mnaziona juu ya kioo: pingi haijabadilika sana, lakini angalieni pakiti zilizopotea na zilizochelewa. Nilipotoka kwenye waifai na kuvuta waya mpaka kwenye ruta, nusu ya tatizo ikaondoka. Nusu nyingine ilikuwa ni mdogo wangu, ambaye saa hizo hupakia video zake, na njia ya kupandisha data ikijaa, amri zangu zinapanga foleni nyuma ya video. Tulikubaliana apakie baada ya saa tano.

Kwenye mipangilio hiyohiyo kuna sehemu ya kuongeza akiba ya pakiti moja au mbili. Kama mtandao wako unayumba, iwasheni, mkijua kwamba kila pakiti inaongeza tiki moja ya ucheleweshaji kwa hiari yenu. Kama mtandao umetulia, iacheni.

Lipo pia suala la kikundi. Mimi hucheza na jamaa yangu aliyeko Muscat, na seva ya Dubai ipo jirani yake kabisa. Tukichezea Dubai yeye yuko huru na sisi wa Dar tunahangaika, na tukichezea Johannesburg mambo yanageuka. Tumekubaliana kwamba mwenye pingi kubwa usiku huo hapewi kazi ya kushikilia kona wala bunduki ya kudungulia kutoka mbali. Anaingia wa pili, nyuma ya mwenzake, kulipiza. Tangu tufanye hivyo ugomvi umepungua sana katika kikundi chetu.

Ninachowadai Valve ni kitu kimoja. Mchezaji anapokufa, taarifa ya kifo inamwonyesha nani kamuua na madhara aliyopokea. Waongeze hapo namba moja tu: seva ilirudi nyuma milisekunde ngapi ili kuikubali risasi ile. Takwimu hiyo seva inayo tayari, kwa sababu isingeweza kuamua bila kuijua. Mwenzangu aliyemwita yule adui wa Dust II mdanganyifu angeisoma akanyamaza, na siku ambayo namba ni ndogo na kifo bado hakieleweki, tungekuwa na sababu ya kuripoti.

Kwa sasa ninaupa mchezo huu alama 7 kati ya 10 kwa upande wa mtandao, na kikomo changu cha pingi ya kutafutiwa mechi nimekiweka kwenye 90, ingawa kinanifanya nisubiri zaidi. Kama una kipande cha kifo cha nyuma ya kona, nitumie, ila hakikisha takwimu za mtandao zinaonekana kwenye kioo, maana bila hizo siwezi kukuambia kilichotokea.