Klipsch R-620F sebuleni, Sinza
Jamani hizi spika zimeingia ndani wikiendi na mpaka sasa sijataka kuzima mziki. Ni zile ndefu za kusimama chini, kila moja ina woofa mbili za inchi 6.5 rangi ya shaba na twita (ile ndogo ya sauti nyembamba) ndani ya honi. Kilichonimaliza ni magitaa, nimeweka bendi ya Sikinde, dansi ya zamani, nikasikia solo huku, ridhimu kule, besi imetulia chini, halafu tarumbeta zikiingia unajua kweli hapa bendi ipo. Amplifaya kubwa haihitajiki, zimeandikwa usikivu wa desibeli 96, yaani nguvu kidogo tu zinatoa sauti kubwa, kwa hiyo hata ndogo inazisukuma vizuri tu, voliumu robo jirani keshasikia. Ila nyumba zetu za Dar vigae chini na ukuta mtupu, sauti inagonga inarudi na besi inavuma, na tundu la hewa la hizi spika, linalotoa besi, liko nyuma, basi nikazivuta mbele mbali na ukuta nikatandika na zulia, aisee mziki mwingine kabisa. Kama unakaa chumba kimoja chukua za mezani. Mwenye sebule achukue hizi, na aongeze stabilaiza, umeme wetu si unaujua.