Mbwa au farasi: yupi anawafaa zaidi polisi wa Dodoma?

Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, na watu huwataja wanyama hawa wawili pamoja kana kwamba kazi yao ni moja. Siyo.

Farasi ni wa kuonekana. Askari aliye juu yake anauona umati mpaka nyuma, na watu humpisha bila kusukumwa. Siku ya mechi Uwanja wa Jamhuri, hilo si jambo dogo. Lakini historia ya mkoa wetu inatuonya. Aprili 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, wapanda farasi wa Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, walishuka kutoka kaskazini wakaiteka Kondoa. Farasi wao walikufa kwa mamia kwa magonjwa na uchovu. Inaniuma kila nikiwafikiria, maana hawakuchagua vita ile.

Mbwa habebi mtu, ila pua yake haina mpinzani. Akipitishwa kwenye mabegi stendi na kunusa bangi au baruti, aliyefunzwa vizuri hukaa chini kimya kando ya begi na kumtazama mwongozaji wake. Habweki, harukii mtu. Adui yake ni jua: hupoza mwili kwa kuhema, na anayehema sana hanusi vizuri. Saa saba mchana anahitaji maji na kivuli kwanza.

Kama fedha inatosha mmoja tu, mimi nachagua mbwa, na banda lenye kivuli lijengwe kabla hajaletwa.