Daraja la Tanzanite kwa miguu: uzoefu wangu

Wengi wetu tunalijua Daraja la Tanzanite, hapa Dar es Salaam, kwa kulipita na gari kukwepa foleni ya daraja la zamani la Selander, na kweli ndiyo kazi iliyolileta pale mwaka 2022. Mimi nakushauri ulipite kwa miguu, jioni jua likishapoa. Hakuna kiingilio, na unapata kilomita moja na kidogo juu ya bahari, upepo mtupu.

Nilipandia upande wa Hospitali ya Aga Khan. Mbele yangu jamaa mmoja alikuwa anakimbia, kavaa kamili: bukta, raba mpya, saa kubwa mkononi. Nyuma akaja mama mmoja na ndala zake, kanga kiunoni, mfuko kashika, anatembea zake tu. Hatukufika mbali mama akampita. Akageuka: "Pole baba, nenda taratibu." Jamaa akaitikia kwa heshima zote, akaanza kutembea.

Kwenye zile nyaya za katikati ndipo watu wanapopigia picha. Siku hiyo palikuwa na maharusi, na upepo ulikuwa umelikamata shela, kila mara linamfunika bwana harusi usoni. Mpiga picha anapaza sauti: "Shemeji, achana na shela, mwangalie mke!" Mzee mmoja mwenye baraghashia alikuwa kasimama pembeni, hataki kupita asije akaharibu picha ya watu. Bibi harusi akamwona. "Shikamoo babu! Njoo upige na sisi." Mzee akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akajipanga katikati yao kama ndiye mwenye shughuli. Tuliokuwa karibu tukapiga vigelegele.

Maji yakiwa yametoka, egemea ukingo uangalie upande wa bara, Mto Msimbazi unapoingilia baharini. Yangeyange wanadokoa kwenye tope, na nyuma yao magari ya Selander yamesimama. Hapo nilikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Kivuli hakuna, kwa hiyo saa saba mchana usijaribu. Kofia isiyo na kamba iache nyumbani. Wenye watoto, washikeni mkono, magari yanapita kasi.

Ukishukia Oysterbay, fuata Barabara ya Toure mpaka ufukwe wa Coco ule mihogo. Omba ya kuchoma, kachumbari juu, pilipili wakuwekee pembeni.