Ryzen 5 5600G na Core i5-12400 kwenye kazi za harusi: uzoefu wangu

Nahariri video za harusi na sendofu hapa Dar, na ofisini kwetu kuna kompyuta mbili za mezani ambazo kwa nje huwezi kujua ipi ni ipi. Moja ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 5600G ya AMD, tuliyonunua mwishoni mwa 2021. Nyingine ina Core i5-12400 ya Intel, iliyokuja baadaye tulipoongeza mhariri wa pili. Zote zina RAM ya DDR4 GB 32 na SSD ya NVMe, na hakuna hata moja yenye kadi ya michoro ya pembeni. Hela hiyo iliishia kwenye lenzi.

Kwenye makaratasi ni kama zimetoka sare. Viini (cores) 6, nyuzi (threads) 12, kasi ya juu GHz 4.4, na zote zimeandikwa wati 65. Kwenye Cinebench R23, programu ya kupima nguvu za prosesa, Intel ilivuka 12,000 kidogo na AMD ikaishia karibu na 11,000. Tofauti ipo, ila si ya kumfanya mtu avunje kibubu. Kwa kamera yetu ya zamani, iliyorekodi kwa H.264, mfumo wa kawaida wa kubana video, hakuna aliyegombania kiti cha mwenzake.

Tulipobadilisha kamera ndipo mambo yalipogeuka. Hii mpya inarekodi 4K kwa H.265, mfumo mpya zaidi wa kubana video, biti 10, rangi za 4:2:2. Inahifadhi taarifa nyingi zaidi za rangi, na kwa sisi hiyo ni neema, maana kumbi zetu mnazijua: taa za zambarau, na bibi harusi katikati yake. Nikaweka video za harusi ya kwanza kwenye Premiere Pro, nimekaa kwenye ile Ryzen, nikabonyeza icheze. Picha ikasogea, ikaganda, ikaruka. Matroni anasakata muziki kama roboti aliyeishiwa chaji. Task Manager inaonyesha viini vyote vinahema karibu na asilimia 100. Nikashuku SSD, nikashuku RAM, nikaiwasha upya kompyuta mara tatu kana kwamba ina jini. Usiku wa manane nikahamisha diski kwenye ile Intel. Video ileile ikateleza, na prosesa haikufika hata nusu ya nguvu zake.

Kumbe nilikuwa nahesabu viini wakati kazi inafanyika kwingine. Ndani ya i5-12400 kuna michoro ya UHD 730, na humo mna injini ya video ambayo Intel huiita Quick Sync. Jina hilo lipo tangu 2011, ila uwezo wa kusoma H.265 ya 4:2:2 biti 10 ulifika kwenye prosesa zao za mezani mwaka 2021, na kizazi cha 11. Michoro ya Vega iliyomo kwenye 5600G inasoma vizuri H.265 ya 4:2:0, yenye taarifa chache zaidi za rangi, lakini ya 4:2:2 haiisomi. Basi mzigo wote unawaangukia wale viini sita, nao wanaubeba kwa jasho.

Hapo ndipo nilipomshukuru Mungu kwa jambo nililolikataa dukani bila kulielewa vizuri. Muuzaji alitaka kunipa i5-12400F, bei imeshuka kidogo, "kitu ni kilekile, kaka." Si kilekile. Hiyo F maana yake michoro ya ndani haipo. Mwenye kadi yake ya michoro aichukue tu. Kwangu mimi kompyuta isingeonyesha picha hata moja kwenye kioo, na Quick Sync ndiyo ningeisikia kwa majirani. Ni kuuziwa kifuu ukidhani ni nazi.

Mwenye Ryzen naye hajakwama. Unatengeneza proksi, zile nakala nyepesi za video, unahariri kwazo, kisha unarudi kwenye faili halisi wakati wa kurenda, yaani kutoa video ya mwisho. Nilifanya hivyo wiki kadhaa. Inafanya kazi, ila harusi ya Jumamosi ikiwa na saa tano za video, Jumapili yako yote inaliwa na proksi.

Kuna mahali AMD inaongoza bila ubishi: michezo. Vega inacheza GTA V vizuri tu ukipunguza madoido, wakati UHD 730 inasuasua. Ila weka vipande viwili vya RAM, si kimoja kikubwa, kwa sababu michoro ya ndani inaishi kwa kukopa RAM hiyohiyo. Tena mazabodi (bodi kuu za kompyuta) nyingi za zamani za B450 zinaipokea 5600G baada ya kusasisha BIOS, programu yake ya kuwashia, kwa hiyo aliye nayo tayari anaokoa hela. Mwenye UPS ndogo naye ajue kwamba i5-12400 ikikazwa inaruhusiwa kupanda hadi wati 117, licha ya zile 65 za kwenye maelezo.

Na ukiitoa feni ya Ryzen hii, iwashe kwanza ipate joto, uizime, kisha uizungushe feni taratibu kabla ya kuivuta. Mimi niliivuta ikiwa baridi, pesti ya kupitisha joto imeshikana, prosesa ikang'oka nayo. Pini za soketi ya aina hii, AM4, ziko kwenye prosesa yenyewe, na nilikaa saa nzima na sindano nikizinyoosha mbili zilizopinda.

Siku hizi Ryzen inafanya kadi za mialiko na picha za mnato mchana. Jioni mdogo wangu anaikalia kwa michezo, na ukimwambia abadilishane na ile Intel anakuuliza amekukosea nini.