An I-Novel ya Minae Mizumura: riwaya ya Kijapani inayosomwa kutoka kushoto

Riwaya za Kijapani kwa kawaida huchapwa kwa safu wima, kuanzia kulia. Mwaka 1995 Minae Mizumura alitoa hii ikiwa na mistari mlalo, kutoka kushoto. Si mbwembwe. I-novel ni riwaya ambamo mwandishi hujisimulia mwenyewe, na humu mhusika Minae na dada yake Nanae, waliohamia Marekani wakiwa wasichana, wanapigiana simu siku ya theluji wakichanganya Kijapani na Kiingereza. Sentensi nzima ya Kiingereza kwenye safu wima ingelazwa ubavu, na msomaji apinde shingo.

Kuna pia suala la herufi. Maneno ya kigeni Kijapani huyaandika kwa katakana, mojawapo ya maandishi yake ya silabi, nayo huongezewa irabu yakalainika: milk huwa miruku, kama Kiswahili kilivyojipatia baiskeli. Mizumura hakukipitisha Kiingereza huko. Alikiacha na herufi zake za Kilatini, kikwaruze jicho.

Basi tafsiri ya Kiingereza ifanyeje? Juliet Winters Carpenter (Columbia University Press, 2021) ameyaweka katika chapa tofauti, yaani umbo jingine la herufi, maneno yaliyokuwa ya Kiingereza tangu mwanzo. Jicho linasaidika, sikio haliambulii kitu: ukisoma mbio, dada hawa wanaonekana kuzungumza lugha moja tu. Chapa inapobadilika, simama ujiulize kwa nini msemaji amehama lugha hapo hapo. Tafsiri ya Kiswahili isingekuwa na shida hiyo. Kijapani kingegeuka Kiswahili, Kiingereza kibaki kilivyo, na msomaji wa Nairobi asingehitaji kuelezwa simu ya namna hiyo inavyokwenda.

Mwendo ni wa kobe. Minae anasomea uzamivu wa fasihi ya Kifaransa, anaahirisha mtihani wa mdomo, na siku nzima inajaa kumbukumbu huku akipima kurudi Japani aandike kwa Kijapani. Anayetaka mikasa atachoka mapema. Asiruke, hata hivyo, kurasa ambazo Minae anatambua kwamba machoni pa Wamarekani Ujapani wake si kitu, yeye ni Mwasia kama Waasia wengine wote. Hizo ndizo kali kuliko zote.

Anayesoma Kijapani anunue toleo la asili, Shishosetsu from left to right. Kwa wengine tafsiri inatosha, ila iwe ya karatasi: baadhi ya programu za kusomea vitabu hukuruhusu kubadili chapa ya kitabu kizima, na ukifanya hivyo unaweza kuipoteza alama pekee ya mpaka kati ya lugha hizo mbili.