Kabla ya kununua programu ya picha za muziki, uliza inasikiaje

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu programu za picha zinazocheza na muziki yanafanana mno. Kijana wa media katika kanisa moja Kasarani anasema picha ukutani zililala wakati wa sifa, kisha zikaanza kuruka mhubiri aliposhika maiki. DJ wa harusi na ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) anasema picha zake zinafika baada ya besi, na akiweka benga zinapotea kabisa. Fundi anayefunga skrini kwenye nganya, yaani matatu zilizopambwa, za Rongai ana programu inayotii vizuri nyumbani, lakini ndani ya gari inafuata injini. Wote walipewa ushauri ule ule dukani: chukua yenye efekti nyingi, chukua laptopu yenye kadi kubwa ya grafiki. Hakuna aliyeambiwa aulize sauti inaingia vipi.

Mimi nitakaa hapo hapo kwenye sauti. Mambo ya kadi za grafiki yameshaandikwa sana, na efekti utazipata popote.

Programu ya aina hii huchukua sauti, huikata vipande vifupi, halafu hupima nguvu ya kila kipande kwenye masafa ya chini, ya kati na ya juu. Hesabu hiyo ndiyo FFT unayoikuta kwenye menyu. Sauti ya kawaida ina sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 44,100 kwa sekunde. Kipande cha sampuli 1,024 ni kama milisekunde 23: picha inaitika haraka, ila masafa yanapimwa kwa hatua za karibu hezi (mitetemo kwa sekunde) 43, kwa hiyo ngoma ya kick na gitaa la besi vinaonekana kitu kimoja. Kipande cha sampuli 4,096 hupima kwa hatua za karibu hezi 11, lakini kimebeba milisekunde 93 za muziki, na hapo projekta bado haijaongeza kuchelewa kwake. Wimbo wa midundo 120 kwa dakika una nusu sekunde tu kati ya mdundo mmoja na mwingine. Watu wanaocheza wanaona picha ikiachwa nyuma, hata kama hawajui kusema ni nini kimeharibika.

Kuna pia zile programu zinazojisifu kwamba zinatafuta mdundo zenyewe. Kwa house yenye kick inayotua sawasawa zinafanya kazi. Kwa benga, gitaa la solo ndilo linalobeba wimbo na besi inarukaruka. Kwa amapiano, log drum, ile besi yake ya kielektroniki, inaangukia pasipotarajiwa. Kitu otomatiki hakikusaidii huko. Unachohitaji ni programu inayokuacha uchague mwenyewe masafa ya kila efekti: hii ifuate hezi 40 hadi 100, ile isikilize gitaa tu, na sauti ya MC isiguse chochote. Yule mhubiri wa Kasarani alikuwa anazirusha picha kwa sababu programu yao ilisikiliza sauti yote kwa jumla.

Ndiyo maana naipenda Resolume Avenue kuliko zote, na sifichi. Inatengenezwa Uholanzi na inafanya kazi kwenye Windows na Mac. Karibu kila kidhibiti ndani yake unaweza kukifunga kwenye FFT, ukavuta mipaka ya masafa kwa kipanya, ukaongeza nguvu na kuamua picha ishuke haraka au polepole baada ya mdundo. Unachagua pia sauti itoke wapi: klipu yenyewe, mchanganyiko wote, au kifaa cha nje. Nimewaona ma-VJ, waendesha picha wa shughuli, wakiipanga upya katikati ya wimbo bila skrini kuzima. Bei yake ni euro 299. Ukihesabu euro moja kwa shilingi 150, hiyo ni karibu shilingi 45,000, na leseni inabaki yako hata baada ya mwaka wa masasisho kwisha. Arena, ndugu yake mkubwa, ni euro 799. Hiyo muachie anayepanga picha juu ya majengo, anayeunganisha projekta kadhaa au anayeendesha na taa. Ukiwa na skrini moja ya harusi, Avenue inatosha.

Ya pili kwangu ni TouchDesigner, ya kampuni ya Derivative ya Toronto. Kwa usikivu inaishinda hata Resolume: sauti unaipitisha hatua kwa hatua, unachuja, unalainisha, unatengeneza kipimo chako mwenyewe, na kwenye Windows inapokea kifaa chenye ASIO, njia ya kuingiza sauti bila kuchelewa sana. Lakini itakudai miezi ya kujifunza, na mteja wa Jumamosi hakungoji. Toleo la bure lina mipaka miwili: picha haizidi pikseli 1280 kwa 1280, na hairuhusiwi kwa kazi ya kulipwa. Leseni ya biashara ni dola 600.

Mwenye Mac aijaribu VDMX ya Vidvox, iliyo makini sana kwenye kuchuja masafa. Mwenye Windows asipoteze muda, haipo kwake.

Za bei nafuu nitazipitia haraka. Magic Music Visuals ni nzuri kwa anayetengeneza video za YouTube. projectM ni ya bure na imerithi MilkDrop, ile ya picha ndani ya Winamp, programu ya kuchezea muziki, iliyoandikwa na Ryan Geiss mwaka 2001. Inapendeza, lakini si ya kuongozea shughuli ya watu. Hydra ya Olivia Jack inafunguka kwenye kivinjari bila malipo, ila vivinjari vingi huichukulia sauti ya maiki kama simu: huondoa kelele, na kelele yenyewe ni muziki wako.

Kisha waya. Usitegemee maiki ya laptopu. Katika nganya itabeba ngurumo ya injini moja kwa moja hadi kwenye masafa ya besi. Toa sauti kwenye miksa, tundu la Rec Out, uipeleke kwenye kadi ya sauti ya USB. Laptopu nyingi za sasa zina tundu moja la hedifoni na maiki, na ukichomeka waya wa kawaida wa stereo hapo, mashine inadhani ni hedifoni na haisikii kitu. Muziki ukitoka kwenye laptopu hiyo hiyo, programu ya VB-Cable kwa Windows au BlackHole kwa Mac itaupeleka ndani bila waya wowote.

Sasa wauzaji. Dada mmoja aliniandikia kwamba duka la mjini lilimtoza pesa "kumwekea" TouchDesigner kamili. Lilikuwa toleo la bure, na aligundua usiku wa shughuli, picha ilipokataa kujaza skrini. Wengine wanauziwa Resolume iliyovunjwa leseni kwenye flashi. Huo ni wizi mara mbili, kwa aliyeitengeneza na kwa aliyeinunua, kwa sababu Resolume ya majaribio inapakuliwa bure, haina kikomo cha siku, na inachofanya ni kuweka alama yake kwenye picha na sauti yake kwenye muziki hadi ulipie. Bei za euro kweli zinatuumiza. Anayeanza Nairobi anatozwa sawa na anayeanza Amsterdam, ingawa malipo ya shughuli moja hayakaribiani hata kidogo. Bado hiyo haimpi mtu wa duka ruhusa ya kukuuzia kitu ambacho mwenyewe hakukilipia.

Kwa hiyo pakua la majaribio ukiwa nyumbani, peleka laptopu na waya kwenye miksa utakayoitumia kweli, cheza benga, mpe mtu maiki aongee juu yake, na uangalie skrini. Kadi ya M-PESA GlobalPay, ile ya kulipia mtandaoni, itoke baada ya hapo.